Mume wangu hatoki bila bastola, na sherehe ya mdogo wangu imekaribia

BARUA

Shikamoo mama.

Naomba usiliandike jina langu. Mimi ni mwanamke wa miaka 39, mzaliwa wa Moshi, naishi Texas, pembezoni mwa Dallas, huu mwaka wa kumi na moja. Nina mume na watoto watatu. Mume wangu ni mtu mwema. Naanza na hilo kwa sababu kwa jinsi watu wanavyomsema siku hizi, ungedhani nimeolewa na jambazi.

Mwaka 2021 alikuwa anafanya kazi zamu ya usiku kwenye kituo cha mafuta. Usiku mmoja waliingia vijana wawili, mmoja akamwekea bastola nyuma ya sikio, mwenzake akafungua droo ya pesa. Walichukua dola mia mbili na kitu, wakaondoka. Polisi walikuja, wakaandika, wakaenda. Mume wangu alirudi nyumbani alfajiri, akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea na viatu vyake miguuni, mpaka nilipoamka kuwaandaa watoto nikamkuta pale. Hakusema kitu. Aliniambia kesho yake jioni, kwa sentensi tatu, na mpaka leo hajaongeza ya nne.

Aliacha ile kazi, akanunua bastola, akaenda darasani, akafanya mtihani wa shabaha, leseni ikatoka. Sikumpinga. Ningeanzia wapi? Mwanzoni alikuwa anaibeba akitoka usiku tu. Kisha, Mei 6, 2023, mtu mmoja akaua watu wanane kwenye maduka ya Allen, jirani kabisa na kwetu. Jumamosi iliyotangulia tulikuwa palepale tukiwanunulia watoto viatu. Tangu siku hiyo hatoki bila bastola. Kanisani anakaa benchi la mwisho. Mgahawani lazima akae anaangalia mlango. Nimezoea, mama. Hata watoto wamezoea, kile kiti wanamwachia bila kuambiwa.

Sasa shida yenyewe. Desemba tunamuaga mdogo wangu anayeolewa. Baba yetu alifariki mwaka 2016, kwa hiyo mume wangu ndiye atakayesimama kama baba yake, amwingize ukumbini na kumkabidhi. Mama amepata viza, anakuja kutoka Moshi kwa mara ya kwanza. Mimi ni katibu wa kamati.

Mwezi wa nane tulifanya kikao nyumbani kwa rafiki yangu. Pilau lilikuwa jikoni, watoto wanakimbia huku na huku. Binti wa mwenye nyumba, miaka mitano, akamrukia mume wangu kumkumbatia kiunoni kama alivyozoea. Mkono ukaangukia palepale. Akauliza kwa sauti, "Anko, hapa kuna nini kigumu?" Sebule nzima ikanyamaza. Mume wangu akacheka kidogo, akasema, "Simu." Mama yake akaja akamshika mtoto mkono, akampeleka chumbani, na hakurudi mpaka tulipoaga.

Wiki hiyohiyo mweka hazina akanipigia. Familia tano zimesema kama yule shemeji atakuja na silaha, wao hawaji. Mwenyekiti akaongeza, "Katibu, wewe ndiye mwenye mume, kaongee naye."

Nikaongea naye. Hakunigombeza. Alisema, "Sheria inaniruhusu. Mwenye nia mbaya haombi ruhusa kwa kamati." Akanikumbusha lile kanisa la White Settlement, karibu na Fort Worth, ambako muumini mwenye bastola alimmaliza muuaji ndani ya sekunde chache. Kisha akasema neno ambalo sijalijibu mpaka leo: "Mimi ndiye niliyewekewa bastola sikioni. Kamati haikuwepo." Akamalizia kwamba kama haitakiwi, basi naye atabaki nyumbani.

Nimepata wazo, na ndilo linalonifanya nikuandikie. Oktoba 2024 tulikwenda kwenye maonyesho ya jimbo pale Fair Park. Langoni kulikuwa na mabango ya kukataza silaha na mashine za ukaguzi. Mume wangu aliguna, akarudi hadi kwenye gari, akaiacha kwenye kisanduku chake cha chuma, akarudi. Siku hiyo alikuwa yule mwanamume niliyeolewa naye. Alipanda na watoto lile gurudumu kubwa, akala soseji za kijiti, akabeba midoli. Hakugusa kiuno hata mara moja.

Kwa hiyo nimefikiri nimwombe mwenye ukumbi, kimyakimya, abandike bango la kukataza silaha mlangoni. Mume wangu atakuja, ataliona, ataona ni utaratibu wa ukumbi, ataiacha kwenye gari, na hatajua kuwa ni mimi. Nilipokwenda kulipa malipo ya awali niliona karibu na baa kuna bango limeandikwa 51% kwa herufi kubwa nyekundu, nikadhani ni punguzo la bei, nikaona basi hawa hawana taabu na mabango, hata letu watalibandika.

Lakini silali, mama. Tunasubiri barua ya usaili wake wa uraia, sitaki ugomvi wowote ndani ya nyumba wakati huu. Nikilibandika kwa siri, nimemsaliti? Nisipolibandika, nimewasaliti wageni na mdogo wangu? Mama yangu atashuka kwenye ndege akute nini?

Katibu mwenye mzigo,
Texas

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale kwenye ukingo wa beseni. Nitarudi hapo. Kwanza lipo jambo haliwezi kusubiri.

Lile bango la 51% si punguzo la bei. Kwa sheria ya Texas, bango hilo jekundu hubandikwa na biashara inayopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa kuuza pombe ya kunywewa palepale. Mahali penye bango hilo bastola hairuhusiwi kuingia, uwe na leseni au usiwe nayo. Na hili si kosa la faini ndogo. Ni jinai kubwa ya daraja la tatu, kifungo cha kuanzia miaka 2 hadi 10, na faini inayoweza kufika dola 10,000. Kwenu ninyi kuna la zaidi. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inahesabu hukumu ya kubeba silaha kinyume cha sheria kuwa sababu ya kumwondoa mtu nchini, hata mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu. Fomu ya uraia nayo inauliza kama umewahi kukamatwa. Umeandika habari ya usaili katika mstari mmoja, kama jambo la pembeni. Mimi nikaona ndilo linalobeba nyumba yenu yote.

Kwa hiyo kabla ya kuwaza bango jipya, mpigie mwenye ukumbi umuulize hilo lililopo. Linahusu ukumbi wote au baa iliyo pembeni yake tu? Siku ya sherehe yenu pombe inauzwa na nani, chini ya leseni ya nani? Akikujibu kwa kubabaisha, tafuta wakili, tena anayejua mambo ya uhamiaji. Mimi ni mama mshauri, siwezi kushika nafasi yake.

Mumeo anasema sheria inamruhusu. Kwa sehemu kubwa yuko sahihi, na ni haki yake tumsikie hivyo. Tangu Septemba 1, 2021 mtu mzima wa miaka 21 na kuendelea, asiyezuiwa na sheria, anaweza kubeba bastola Texas hata bila leseni, na yeye amekwenda mbali zaidi, ameitafuta leseni. Mwenye grini kadi hakatazwi kumiliki silaha. Ila ruhusa hiyo ina mipaka ya mahali. Shuleni, mahakamani, kituo cha kupigia kura, kwenye mechi za shule na za kulipwa, baa za namna hiyo niliyoitaja, kote huko inakoma. Tena mwenye mali yake ana haki ya kusema hapa kwangu hapana. Hata yale maonyesho mliyokwenda yana kisa chake. Oktoba 2023 watu watatu walipigwa risasi mle ndani. Mwaka uliofuata waandaaji wakakataza silaha kabisa, hata kwa wenye leseni waliokuwa wakiruhusiwa siku zote. Mwanasheria Mkuu wa Texas akawafungulia kesi kwa hoja kwamba uwanja ule ni mali ya jiji la Dallas, na mambo yakafika hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, ambayo mwishoni mwa Septemba 2024 ilikataa kuzuia katazo lile. Haya yote yametokea Texas, jimbo ambalo silaha ni kitu cha heshima. Wanaoulizana bastola iishie wapi si kamati yenu peke yake, na mumeo akilijua hilo huenda asijione kama mtu mmoja anayesutwa na Watanzania wenzake.

Sasa wazo lako la siri. Nimelipenda kwa jinsi linavyotaka kumlinda asiaibike. Lakini nina wasiwasi nalo, na wasiwasi wa kwanza ni wa kawaida kabisa: bango la kumzuia mwenye leseni lina masharti. Linatakiwa liwe na maneno yaleyale ya sheria, kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zenye kimo cha inchi moja au zaidi, rangi zinazoachana, mahali panapoonekana wazi. Tena kuna la silaha iliyofichwa na kuna la inayoonekana, na asiye na leseni ana lake. Karatasi mliyochapa nyumbani, yenye picha ya bastola iliyokatwa mstari mwekundu, mumeo aliyesoma darasani ataitazama na kujua haina nguvu. Jambo jingine ambalo huenda hukulijua ni kwamba bango si njia pekee. Mwenye mamlaka na mahali anaweza kumwambia mtu kwa mdomo, na hapo ndipo kosa linapokuwa zito zaidi. Aliyepita bango hutozwa faini isiyozidi dola 200, lakini aliyeambiwa ana kwa ana akakataa kutoka anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja. Hebu fikiria mwenyekiti wenu amesimama mlangoni amevaa suti, anamwambia hayo baba wa bi harusi mbele ya wakwe. Sitaki mfike hapo.

Wasiwasi wa pili unagusa hesabu yako. Umesema kwenye maonyesho aliiacha bila ugomvi, kwa hiyo na ukumbini ataiacha. Mwanangu, rudi langoni pale uangalie tena. Kulikuwa na mashine. Kila mtu alikaguliwa. Mumeo aliiacha bastola akijua kwamba na yule wa mbele yake hana, na yule wa nyuma yake hana, na ndani kuna askari. Ndiyo maana kiuno kilipumzika. Ukumbi wenu utakuwa na bango na mlango wazi, watu wanaingia na sahani za zawadi. Hicho ndicho anachokiogopa, kwamba yeye mtiifu atavua na mwenye nia mbaya hatavua. Bango peke yake linaweza kumwongezea hofu usiku ule, akakaa kwenye meza kuu anaangalia mlango badala ya kumwangalia bi harusi.

Hapo ndipo naona pana njia ambayo kamati haijaijadili. Hapa Texas ni jambo la kawaida kumkodi polisi aliye nje ya zamu asimame mlangoni, na baadhi ya kumbi zinazoruhusu pombe huweka hilo kuwa sharti. Pengine mkataba wenu tayari una kifungu hicho, usome. Mumeo akiambiwa kuna askari mlangoni kuanzia saa moja jioni hadi mwisho, unampa sehemu ya kile alichokipata Fair Park. Akiombwa yeye ndiye asimamie mambo ya usalama, akae na huyo askari wiki moja kabla, apange milango na taa za maegesho, anapata kazi ya kufanya na ile hofu. Gharama ipo, na najua michango ilivyo, kuna wanaoahidi mpaka siku ya siku. Tena wapo wageni wetu ambao kumwona polisi mlangoni hakuwapi amani hata kidogo, hasa wenye makaratasi yasiyokamilika. Liulizeni hilo kwa upole kwenye kikao, msiliamue kwa kura ya kwenye WhatsApp.

Hoja yake ya White Settlement isidharauliwe. Ni kweli. Desemba 29, 2019 mtu alisimama katikati ya ibada akaua waumini wawili, na Jack Wilson, ndiye huyo muumini mwenye bastola, akampiga risasi ndani ya sekunde sita hivi. Bila yeye huenda wangekufa wengi. Lakini Wilson alikuwa mkufunzi wa silaha, aliwahi kuwa askari wa akiba wa sherifu, na pale kanisani alikuwa kiongozi wa kikosi cha kujitolea cha ulinzi. Wenzake walimjua na kanisa lilijua ana nini kiunoni. Mumeo angekuwa peke yake, kwenye giza la taa za disko, muziki juu, watu mia mbili wanacheza. Kisa cha Arvada, Colorado, cha Juni 21, 2021 nacho akisome. Johnny Hurley alimpiga risasi mtu aliyekuwa ametoka kumuua polisi, akaokoa watu, kisha polisi mwingine akamwona ana silaha mkononi akamuua yeye. Sisemi haya kumtisha. Nasema ni mweusi, ni mgeni kwa lafudhi, na askari anayekimbilia kwenye milio ya risasi hana muda wa kuuliza nani ni baba wa bi harusi.

Kuna mtoto vilevile. Familia zile tano wewe unawasikia kama watu wanaomkataa mumeo. Huenda wapo wa hivyo. Lakini mimi najiuliza kama kilichowauma zaidi kilikuwa bastola yenyewe au lile neno "simu". Mama wa yule binti alisikia mtoto wake akidanganywa kuhusu kitu alichokigusa kwa mkono wake mwenyewe, ndani ya nyumba yake, na hakuwa ameambiwa kitu hicho kimeingia. Ulishawahi kukaa naye, ninyi wawili, tangu siku ile? Hujaniandikia. Nadhani mumeo angemtafuta yeye kwanza, kabla ya kamati, akamwambia, "Dada, nilimdanganya mtoto wako, samahani," mengi yangelegea. Sherehe zetu ni za kukumbatiana. Watoto hawamsalimii anko kwa mbali. Watu wanacheza, wanatuza, wanabebana, na mama yako akishuka kwenye ndege kitu cha kwanza atakachofanya ni kumkumbatia mkwe wake kiunoni. Kwa sheria ya Texas, mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia silaha yenye risasi kwa uzembe wa mwenyewe, mwenyewe ametenda kosa. Na kama siku hiyo atakunywa, hujasema kama anakunywa, kubeba bastola akiwa amelewa nako kunaweza kuwa kosa.

Nikumbuke na hili la mama yako, maana halijulikani sana. Mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya matembezi, kwa sheria ya taifa, hatakiwi kuwa na silaha mikononi mwake, isipokuwa kwa vibali vichache kama leseni ya uwindaji. Kwa hiyo asije mtu akamwambia, "Mama, nishikie huu mkoba kidogo," na ndani ya mkoba mna kile kitu. Hata kwa dakika moja ya kwenda kupiga picha.

Njia ya kuiacha kwenye gari unaiona ndiyo rahisi. Inaweza kuwa hivyo, wengi hufanya hivyo. Ila magari huvunjwa, na bastola zinazoibwa kwenye magari ndizo zinazoishia kuwekwa nyuma ya masikio ya watu kwenye vituo vya mafuta. Kile kisanduku kifungwe kwa waya wa chuma kwenye kiti, risasi zitolewe, na mambo yafanywe kabla ya kufika, asije akaonekana kwenye maegesho anavua mkanda huku wageni wanapita. Kuiacha nyumbani kwenye sefu ni salama zaidi kwa kila mtu, lakini ndiko kunakomgharimu yeye zaidi, na huwezi kumlazimisha.

Je, asipokuja kabisa? Nawe ulitazame, usilikimbie. Mjomba au kaka wa ukoo anaweza kusimama. Mdogo wako ataolewa. Lakini mama atauliza mkwe wangu yuko wapi, na itabidi uchague kama utamwambia kweli au utamwambia yuko kazini, na uongo wa namna hiyo hukaa kwenye picha za harusi miaka yote. Mdogo wako mwenyewe amesema nini? Katika barua nzima sijamsikia bi harusi. Huenda ana neno ambalo shemeji yake atalipokea kuliko lako.

Narudi kwenye beseni. Miaka minne, sentensi tatu. Mwanangu, nadhani ninyi nyote, kamati, wewe, hata yeye, mnazungumza juu ya chuma kilichoko kiunoni kwa sababu ndicho kinachoonekana. Aliposema kamati haikuwepo, umelichukua kama neno la kukunyamazisha. Mimi nalisikia kama mtu anayesema hakuna aliyekuwa nami. Wanaume wetu hawajafundishwa kusema walitetemeka. Wamefundishwa kununua kitu, kufunga mlango, kukaa kiti cha mwisho. Kukaa macho hivyo miaka yote, kuhesabu milango, kushtuka, ni mambo ambayo madaktari wa akili wanayajua na wana namna ya kuyasaidia, na kwa mtu aliyewekewa silaha kichwani si fedheha kwenda kwao. Atakataa mara ya kwanza. Mchungaji wenu huenda akawa mlango wa kuingilia, au mwanamume mzee mmoja anayemheshimu, ila si mweka hazina.

Kama utaongea naye, na naona ndivyo moyo wako unavyotaka ndiyo maana hulali, chagua siku ambayo kamati haijapiga simu. Usianze na sherehe. Mwambie, "Ile asubuhi nilikukuta na viatu miguuni. Sijawahi kukuuliza nini kilitokea, naomba nikuulize leo." Kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Bango la 51% mwonyeshe picha yake siku nyingine, si usiku huo, na usimwonyeshe kama mtu aliyeshinda kesi. Mwonyeshe kama mke aliyeogopa kumpoteza, maana ndivyo ilivyo. Inawezekana darasani walimfundisha habari ya bango hilo na atalitambua kabla hujamaliza kusema. Inawezekana pia atakasirika akidhani umelitafuta, na hapo utahitaji subira.

Kuhusu kusaliti, mwenyeji kupanga utaratibu wa nyumba yake si usaliti, na wewe siku hiyo ni mwenyeji. Kinachokunyima usingizi ni lile neno "kimyakimya". Utajua mwenyewe kama unaweza kuishi nalo hadi Desemba na baada ya Desemba, kwa sababu Jumapili inayofuata benchi la mwisho litakuwa palepale.

Mpigie mwenye ukumbi kesho asubuhi. Akishakujibu, niandikie tena, hasa kama atasema bango linahusu ukumbi mzima, maana hapo muda wa kubadili mahali unazidi kuwa mfupi na malipo ya awali mmeshatoa. Na mama akifika salama, mfikishie shikamoo yangu.